Karatasi Yenye Damu ya Ouma

Daktari Wafula alizikwa mwezi uliopita kwao Webuye, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, magoti yakinilalamikia. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja alisoma vyeo vya marehemu mpaka akachoka katikati, akaomba maji. Mwingine, kijana aliyefundishwa naye chuoni, alisimama akasema kwamba Daktari hakuwahi kukosea kazini hata siku moja. Hapo nilishindwa kujizuia. Nilicheka, kisha nikafunika mdomo kwa leso ili walio karibu wafikiri nalia, na kusema kweli kicheko kilipokwisha kilio kilifuata chenyewe. Watu wakifa tunawapiga pasi mpaka hawabaki hata na kunyanzi moja. Mimi nilifanya kazi na Daktari mwaka mmoja tu, tisini na saba, kule Homa Bay, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na ulimi mkali kuliko huu nilio nao sasa. Nilimwona akikosea. Tena nilimwona siku alipokwenda kwa miguu yake kumwambia mama aliyefiwa kwamba amekosea, na ni kwa ajili ya siku hiyo nilisafiri kwenda kumzika.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili katika jengo la zamani lenye paa la mabati, ukumbi mmoja mwembamba katikati, na dirisha ambalo ukilifungua harufu ya samaki kutoka ufukoni inaingia na haitoki tena. Vyumba hivyo vilikuwa na sheria moja, na Daktari aliifundisha kama katekisimu. Cha kwanza ni kile safi. Humo tulikata vipande vya karatasi zenye damu iliyokauka, tukavichemsha ili damu iachilie DNA ya vijidudu, tukachanganya dawa. Cha pili tulikiita kichafu, ingawa kilipigwa deki kuliko cha kwanza. Humo mlikuwa na mashine inayopasha vichupa joto na kuvipoza, tena na tena, mpaka kijipande kimoja cha DNA kizaane na kuwa mamilioni. Ukishaingia cha pili, siku hiyo hurudi cha kwanza. Koti la huku halivuki kwenda kule. Glavu, stuli, kitambaa cha kufutia meza, kila kitu na kwao. “Robi,” aliniambia wiki yangu ya kwanza, akiwa amesimama ukumbini na njugu mkononi maana ndani hakuna kula, “hivi vitu havionekani, havinuki, havina uzito. Ukifungua kichupa tu, vinaruka. Vikiingia kule kwa kwanza, basi watoto wote wa Homa Bay watakuwa na malaria ya mtoto mmoja.” Mimi ni Mkuria wa Isebania. Nimekulia mahali ambapo mtu hakanyagi kila anapotaka, kwa hiyo sheria ile haikunitisha. Wenzangu wengine ilikuwa ikiwachosha, wakaacha kazi.

Niseme kwa nini tulihangaika hivyo, maana siku hizi kijana anaweka tone la damu kwenye kijikebe cha plastiki anapata jibu kabla chai haijapoa, anafikiri imekuwa hivyo tangu Adamu. Wakati ule hospitali zilitegemea hadubini. Mtaalamu anapaka damu kwenye kioo, anaitia rangi, anakodoa macho. Malaria ikiwa ile kali, inayoua haraka, vijidudu vimejaa na hata mtu mwenye usingizi anaviona. Lakini malaria si moja. Ina ndugu zake, na mmoja wao ni mpole kwa sura, mvivu, anakaa kwenye damu miaka, wachache wachache, hata ukitazama kioo asubuhi nzima huoni kitu. Huyo hana haraka. Akimkalia mtoto muda mrefu anamharibu figo, mtoto anavimba uso na miguu, na watu hawasemi tena malaria, wanasema mengine. Njia yetu mpya ilikuwa ya kumtoa huyo mafichoni. Unaizalisha DNA kwa duru mbili, unaimimina kwenye jeli iliyoganda kama uji wa jana, unapitisha stima, na vipande vinaanza kukimbia. Vifupi vinakwenda mbali, virefu vinabaki nyuma, na kila ndugu wa malaria ana urefu wake. Ukiwasha taa ya zambarau mistari inang'aa, unapiga picha. Mara ya kwanza nilipoona mstari ule kutoka kwa damu ambayo hospitali ilisema ni safi, nilipiga kelele mpaka Daktari akaja mbio akidhani nimeungua.

Nilikuwa nimekodi chumba kwa Min Ouma, yaani mama Ouma, nyuma ya soko. Yeye na mtoto walilala chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na katikati ulikuwa ukuta wa mbao ambao haukuzuia kitu, hata kupiga chafya. Aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta ambayo viwanda vikishachukua nyama vinatuachia sisi, naye aliikaanga ikakauka vizuri hivi kwamba ulikula ukanyonya vidole bila aibu. Jioni tulikula pamoja: ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mboga chungu ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa, na mgongo wazi ule uliobomoka ambao wateja walikuwa wameukataa. Min Ouma hakuwa mtu wa maneno mengi. Ungemsikia tu akisema, “Kula, Robi, wewe ni mwembamba kama mtu ako na deni.” Mumewe alikuwa mchimba dhahabu Macalder, huko Nyatike, na shimo lilimfukia. Ouma wakati huo hakuwa amejua hata kutembea. Sasa alikuwa na miaka sita, kichwa kikubwa, maswali mengi kuliko hakimu. Aliniuliza kazi yangu nikamwambia ni kutafuta wadudu kwenye damu. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Pole. Wanakulipa?”

Karibu kila Jumapili alikuja Odhiambo, ndugu wa marehemu mume wa Min Ouma. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya upole, na sauti hiyo ndiyo ilinifanya nisimpende. Walizungumza Kijaluo, lugha ambayo niliisikia vizuri kuliko nilivyoweza kuitamka, nami nilikuwa nimelala upande wa pili wa mbao na hakuna mahali pengine pa kwenda. Neno lilikuwa lile lile. Mjane hukabidhiwa kwa ndugu wa mumewe, ndiyo desturi, ndiyo tero, na Min Ouma alikuwa ameikataa. Alikuwa amekuja mjini na mtoto, akaacha nyumba yake kule nyumbani ikiwa na kufuli. “Nyumba imekaa baridi,” Odhiambo alisema. “Mvua inaila. Watu wanauliza.” Na Min Ouma, kwa sauti ya mtu anayechambua dagaa wa omena, akajibu, “Niliolewa na mtu mmoja. Sikuolewa na ukoo.” Kisha Odhiambo akalitaja neno ambalo sikutaka kulisikia katika nyumba yenye mtoto: chira. Chira ni adhabu inayomfuata aliyevunja mwiko, na mara nyingi haimpigi yeye mwenyewe, inampiga mwanawe. “Huyu mtoto homa yake haiishi,” alisema. “Unafikiri ni bure?”

Homa kweli haikuisha. Ilikuja, ikaenda, ikarudi siku ambayo ungeweza karibu kuitabiri. Mama alimpeleka hospitali, wakatazama kioo, hawakuona kitu, wakampa dawa hata hivyo. Akapata nafuu, akarudi shule, ikamrudia. Baadaye macho yakaanza kuvimba asubuhi. Nilidhani ni usingizi. Halafu viatu vya shule vikakataa kuingia. Nilimwambia Daktari, akaacha njugu zake akaja siku hiyo hiyo, akachuchumaa mbele ya mtoto, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale kwenye ngozi. Hakusema kitu mbele ya mama. Njiani ndipo aliniambia, “Ningeapa ni yule mvivu. Lakini kuapa si kazi yetu.” Tukamwingiza Ouma kwenye mradi wetu wa utafiti. Nilimchoma kidole mimi mwenyewe, na kwa vile kidole kilikuwa kimevimba damu ilikuja kidogo sana, ikajaza nusu ya duara moja kwenye karatasi. Hakulia. Alitazama ile alama nyekundu ikinywewa na karatasi, akauliza, “Hiyo italala wapi?” Nikamwambia, kwa bahasha, kwa friji. “Haitasikia baridi?” Nikamwambia nimeifunga vizuri. Likizo ilipofika akaenda kwa nyanya yake Macalder, mama ya baba yake, ambaye sote tulimwita Dani, na inaonekana alijivuna huko kwa kila mtu kwamba damu yake inakaa Homa Bay kwenye friji ya daktari.

Alipotoka huko hakukaa siku nyingi. Kabla zamu ya karatasi yake haijafika, maana karatasi zilikuwa mamia na stima ilikuwa ya kubahatisha, aliingizwa wodini akiwa amevimba mwili mzima, hakojoi, na madaktari walifanya waliloweza. Alikufa mchana, watu wakipakua chakula. Min Ouma alikuwa ameshika bakuli la uji, na aliendelea kulishika mpaka nilipomtoa vidole kimoja kimoja. Sina zaidi ya kusema juu ya mchana ule. Nimewazika wengi tangu wakati huo, wa kwangu pia, na bado mchana ule ndio unaonirudia.

Odhiambo alikuja kesho yake na maneno mawili. La kwanza lilikuwa lake: baada ya mazishi wazee wa ukoo watakaa waulize mtoto huyu ameuawa na nini, na kama ni chira basi mama ajue kwake ni wapi. Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu mgeni. Min Ouma angefungiwa nyumba yake, ile aliyojengewa na mumewe, arudi kwa wazazi wake mikono mitupu, na kaburi la mwanawe libaki nyuma katika boma asiloruhusiwa kukanyaga. Neno la pili lilitoka kwa Dani. Bibi alikuwa ameuliza: damu ile ambayo mtoto alisema iko Homa Bay, je, inarudi nyumbani? Mtoto hazikwi nusu. Baba yake alipofukiwa na shimo, watu walitaka kuacha, wakisema shimo lenyewe ndilo kaburi, na Dani alikaa ukingoni akakataa kula mpaka wakachimba wakamtoa mzima, hata kiatu. Hatazika mjukuu huku kipande chake kimelala kwa watu.

Min Ouma alikuja maabara akiwa amejifunga leso mbili, akasimama ukumbini, hakutaka kukaa. “Daktari,” alisema, “nataka kujua nini iliua mtoto yangu. Wewe uko na damu yake. Uliza hiyo damu.” Daktari akasema ataiuliza. Alisema kipande kidogo kitakatwa, kitachemshwa, na kingine kitabaki kwa ajili ya bibi. Kwa hiyo kila mtu angepata chake. Nilifurahi sana siku hiyo, nakumbuka. Nilifikiri: sasa Odhiambo atanyamazishwa na mstari mmoja kwenye jeli, na mimi nitakuwa pale nimwone uso wake. Tulikata kipande. Daktari alitaka kuifanya kazi mwenyewe kwa heshima ya marehemu, mimi nikiwa msaidizi. Pamoja na kichupa cha Ouma tuliandaa kingine cha maji matupu, kama ilivyo lazima, kwa sababu maji matupu ndiyo shahidi wetu. Maji yasipoonyesha mstari, basi mistari mingine inasema kweli. Maji yakionyesha mstari, hakuna anayeaminika.

Tulipowasha taa ya zambarau, mstari wa Ouma ulikuwepo, mzuri, umekaa pale pale anapokaa yule mvivu. Nikapiga makofi. Daktari hakupiga. Alikuwa anatazama mwisho wa jeli, penye maji matupu, na pale palikuwa na mstari pia, mwembamba, urefu ule ule. Wee! Nilijisikia mtu amenimwagia maji ya ziwa mgongoni. Nilianza kusema labda ni kivuli, labda taa, labda tuuhesabu wa Ouma tu maana wake umekolea zaidi. “Robi, nyamaza,” alisema, si kwa hasira. Alivua glavu akapapasa sikio lake la kulia, na pale sikioni palikuwa na kalamu, biki ya buluu, iliyokuwa imeandika juu ya vichupa vya chumba cha pili wiki nzima, na asubuhi ile, akiwa na mawazo ya mtoto aliyekufa, alivuka nayo hadi chumba cha kwanza. Koti alikuwa amebadilisha. Glavu amebadilisha. Viatu pia. Aliitoa ile kalamu akaiweka mezani, akaitazama muda mrefu, akasema, “Ni mimi.”

Hesabu ikawa hivi. Kilichobaki cha damu ya Ouma kilikuwa ukingo tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kilitosha mara moja. Tukikichemsha, damu yote inatoka, na kinachobaki ni karatasi nyeupe. Kwenda mochari kumtoboa maiti tena hakuna aliyethubutu hata kulitaja, Dani alikuwa amekwisha kataza mwili usiguswe. Mimi nilisema tuchemshe bila kuuliza mtu, tufute vyumba vyote kwa dawa ya jiki, tufungue dawa mpya, tupate jibu, bibi tumpelekee karatasi nyeupe, atajuaje? Nililisema hilo, sikatai, na mpaka leo kuna asubuhi ninaamka nikiona lilikuwa wazo zuri. Daktari alinijibu kwamba karatasi ni ya mradi lakini damu ni ya mtoto, na mtoto ana mama. Akavua koti, akanawa, akaenda.

Nilimfuata. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa wanawake wa soko, nao walipomwona daktari walisogea ukutani. Min Ouma alikuwa chini kwenye mkeka. Daktari hakukubali kiti, alikaa kwenye sakafu na suruali yake nzuri, miguu yake mirefu haina pa kwenda, akasema, “Mama, nimekosea.” Akaeleza yote, kalamu na sikio na maji matupu, kwa Kiswahili rahisi, bila kujificha nyuma ya neno lolote gumu. Min Ouma alisikiliza mpaka mwisho. “Hiyo kalamu ilikuwa kwa sikio yako?” “Ndiyo, mama.” “Na hukuisikia?” “Sikuisikia.” Mwanamke mmoja ukutani akatoa sauti ya kufyonza, Min Ouma akamgeukia kwa jicho, akanyamaza naye. Kisha akauliza, “Kile kimebaki, ukikipika, itabaki nini?” “Karatasi nyeupe.” “Na damu?” “Itaingia kwa maji na dawa. Haitakuwa damu tena.” “Na safari hii hukosei?” Ninajua ningejibu nini mimi. Ningesema, hapana, hatukosei. Daktari alisugua magoti yake, akasema, “Nitajaribu nisikosee. Siwezi kuapa.”

Min Ouma akamwambia anywe chai, inapoa. Daktari akainywa yote.

Min Ouma alinipa jibu asubuhi, mimi na yeye peke yetu, akiwa amechuchumaa anakwaruza masizi ya sufuria. “Robi, mwambie Daktari afunge ile karatasi. Naenda nayo.” Nilimkasirikia. Kwa nini nisiseme ukweli? Nilikasirika mpaka nikapandisha sauti kwa mama aliyefiwa, nikamwambia Odhiambo atamfukuza, wazee watakaa, hana kitu kingine mkononi isipokuwa ule ukingo wa karatasi, na anataka kuufukia udongoni! “Utafukuzwa, Min Ouma! Unasikia? Utafukuzwa!” Hakuacha kukwaruza. “Baba yake alitolewa kwa shimo mzima,” alisema. “Mimi nilikuwa hapo, nilikaa na mama yake tukingoja. Sasa huyu nimwache kipande kwenu ndio nishinde kesi?” Nikasema si kesi, ni ukweli, si anataka kujua? Hapo ndipo aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu, mekundu. “Wewe ndiye unataka kujua,” aliniambia. “Mimi nataka kuzika.”

Basi nikamwambia Daktari, naye akaifunga karatasi kwa mikono yake, akaiweka kwenye bahasha safi, akasema wakubwa wa mradi atawajibu yeye. Kwa hiyo sikuwahi kujua. Mwaka ule ule watoto wengine wa pande zile walionyesha mstari wa yule mvivu, maji matupu yakiwa kimya, na wawili kati yao walitibiwa kabla ya kuvimba. Wakiniuliza mimi, nitasema Ouma alikuwa naye pia. Lakini ninasema tu. Nimetumia maisha yangu yote katika kazi ya kutosema bila ushahidi, na juu ya mtoto niliyempenda kuliko wote waliopita mikononi mwangu, sina ushahidi wowote.

Macalder ni mahali pa udongo mwekundu na mashimo, mengine yamezungushiwa miiba, mengine yameachwa tu wazi, na wanawake wanaosaga mawe ya dhahabu walisimama mikono kichwani jeneza lilipopita. Dani alitungoja langoni. Nilitazamia mtu mkubwa, kumbe ni kibibi kidogo mno, mgongo umeinama. Kabla kifuniko hakijapigiliwa alinyoosha mkono, Min Ouma akampa bahasha. Akauliza kitu kwa sauti ndogo. Ilikuwa: ni yote? Min Ouma angeweza kusema ndiyo. Akasema, “Ni yote iliyobaki. Nyingine ilipotea kazini.” Bibi akaifungua, akaitazama ile alama ya kahawia, na akaitia chini ya kiganja cha mtoto, upande wa mkono niliouchoma. Nani alimwambia ni mkono upi? Nadhani ni Ouma mwenyewe, alipokuwa akijivuna. Nililia kwa sauti, mimi Mkuria mgeni, wanawake wa hapo wakanishika.

Odhiambo alingoja mpaka udongo umelainishwa juu ya kaburi. Watu walikuwa bado wamesimama, akauliza kwa ile sauti yake ya upole, ya kusikika mpaka uani, “Shemeji, tumesikia damu ilipimwa mjini. Karatasi ilisema nini?” Nilimtazama Min Ouma. Nilikuwa tayari kusema uongo kwa niaba yake, ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka, nitaje mstari, nitaje figo, nitaje chochote. Yeye alijibu kabla yangu. “Haikusema kitu. Sikuiuliza.” Wazee wakatazamana. “Basi,” Odhiambo akasema, “tumejua.”

Jua lilipoanza kushuka wageni wakaanza kugawiwa mahali pa kulala. Nyumba ya Min Ouma ilikuwa pale mkono wa kushoto, kuta zimemomonyoka kidogo kwa mvua, na mlango ulikuwa umefunguliwa mchana ili mtoto alazwe mbele yake kabla ya kaburi, kama inavyostahili. Sasa Odhiambo alikuwa amesimama mlangoni na kufuli mkononi. Alisema wanawake watalala kwa shangazi, wageni kwake, na hapa patafungwa mpaka wazee wakae. Min Ouma alikuwa amesimama uani hajui ashike nini. Mimi nilikuwa na mkoba wangu na hasira yangu, na hakuna kilichonisaidia. Ndipo Dani akatoka jikoni kwake, mkeka umekunjwa kwapani, anatembea polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, na hakuna aliyethubutu kwenda kumpokea mzigo. Alifika mlangoni. Hakumtazama Odhiambo, mwanawe. Alinigeukia mimi, na kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kuambiwa kwamba anakijua, labda alikipata zamani mgodi ulipokuwa na wageni, akasema kwa nguvu ili kila mtu uani asikie:

“Mgeni, kwani unasimama nje nini? Ingia. Hii nyumba iko na mwenyewe.”

Kisha akamshika Min Ouma mkono, na Odhiambo akatoka mlangoni, tukaingia.